Zakaria Kahiga Thuo na Geti la Reli, 1918–1957

Mchungaji, wazee wetu, akina mama, na ninyi nyote mliopata ruhusa ya kufika hapa leo, Jumatano tarehe 4 Desemba 1957: familia imeniomba mimi, Wangui, dada yake anayemfuata, nisome maisha ya kaka yetu. Tumeruhusiwa kukaa hapa kaburini hadi saa nane tu, kwa hiyo sitarefusha. Mkewe, Wamuyu, ameniambia nisimpambe. Amesema nieleze kwamba mume wake alikuwa mtu mwoga, kwa kuwa ndivyo alivyokuwa, na mwenyewe hakuwahi kuficha.

Marehemu Zakaria Kahiga alizaliwa tarehe 9 Juni 1918 katika shamba la mzungu karibu na Njoro. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Thuo, aliyeendesha magari ya ng'ombe ya shamba, na wa Wanjugu, mama yetu, ambaye mnamwona ameketi hapa mbele. Tarehe hiyo tunaijua kwa sababu mwenye shamba aliandika katika daftari lake kwamba siku hiyo Thuo hakufika kazini, kisa mke amejifungua.

Mwaka 1927 aliingia shule ya misheni, akasoma hadi darasa la nne. Alipenda hesabu kuliko masomo mengine yote. Mimi mwenyewe nilijifunza kujumlisha kutoka kwake, kwa punje za mahindi, kabla sijaona mlango wa darasa. Masomo yake yalikatika tarehe 3 Agosti 1931. Siku hiyo baba alikuwa akipeleka magunia stesheni, na Kahiga, ambaye alikuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa amekaa juu ya magunia. Kwenye daraja jembamba walikutana na lori. Lori halikutaka kurudi nyuma, na ng'ombe hawajui kurudi nyuma. Baba alishuka awashike ng'ombe pembe, dereva akaamua kujipenyeza, na baba akafia pale pale. Kahiga aliyaona yote kutoka juu. Tangu siku hiyo hadi mwisho wake hakusimama akiipa barabara mgongo. Hata kanisani alichagua benchi ambalo angeweza kuona mlango na njia iliyo nje.

Mwaka 1936 aliajiriwa na reli katika genge la kutengeneza njia, huko Gilgil. Kazi ilikuwa ya nyundo na mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na aliipenda, maana alisema treni ina heshima: inapita pale pale ilipopita jana. Ni Gilgil alikokutana na Wamuyu, binti Ndung'u. Kila Jumapili alimsindikiza kutoka kanisani kwa kuzunguka nyuma ya mashamba, mwendo wa saa nzima, wakati barabara kuu ingewafikisha kwa dakika ishirini. Wamuyu aliwaambia wenzake kwamba amepata kijana asiyechoka kuzungumza naye. Walipokuwa wameshachumbiana ndipo alipogundua kwamba kijana alikuwa anakwepa malori. "Nilikasirika wiki nzima," Wamuyu amenisimulia. "Halafu nikafikiri, mtu anayeogopa hivi atanirudishia watoto wangu nyumbani." Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 7 Februari 1942. Mungu aliwajalia watoto watatu: Thuo, Wanjugu na Ndung'u.

Tarehe 2 Januari 1947 alihamishiwa Nakuru, akapewa geti ambapo barabara inakata reli. Ninyi mnaokaa mjini mnalijua. Kazi ilikuwa kungoja kengele, kufunga geti pande zote mbili, kusimama na bendera, kisha kufungua. Alipofika, alituambia kwamba kwa siku nzima yalipita magari yasiyozidi sitini, na mengi alijua dereva wake ni nani. Nilipomtembelea mwaka 1950 alikuwa ameacha kucheka anapolizungumzia geti hilo. Mashamba yaliongezeka baada ya vita, na ngano na mahindi yote yalikuja kwenye ghala moja lililo ng'ambo ya reli. Malori ya kwenda Uganda yalianza kupita kwa wingi baada ya kushuka mteremko wa Mai Mahiu. Mabasi yakapata mazoea ya kupakia watu ukingoni mwa barabara karibu na soko, na maduka yakawa yanashusha bidhaa katikati ya njia. Watu walipangiwa nyumba upande mmoja wa reli na kazi upande wa pili, hivyo kila asubuhi mji mzima ulivuka kwa baiskeli, kwa miguu na kwa mikokoteni, na kila jioni ukarudi. Mlango wa kupitia ulikuwa ule ule.

Ilipotangazwa Hali ya Hatari, Oktoba 1952, jamaa zetu wengi walihamishwa kutoka mashambani. Kahiga aliachwa kwa sababu ya kazi yake, na hilo lenyewe lilimtia hofu, maana aliyeachwa huulizwa ameachwa kwa nini. Kisha askari wakaweka kizuizi cha kukagua pasi, hatua kama mia mbili kupita geti kuelekea mjini. Kila gari lilisimama hapo, watu wakaonyesha karatasi zao mmoja mmoja. Foleni ilianza kurudi nyuma. Kwanza ilifika kwenye mti wa mkaratusi, baadaye kwenye kibanda cha Kahiga, na mwisho ikapanda juu ya reli.

Hapo ndipo kaka yangu alipokosa usingizi. Aliniambia, "Wangui, mimi nafungua geti, lakini siwezi kufungua kile kilicho mbele ya geti. Siku moja kengele italia na gari liko katikati."

Mwaka 1955, mwezi wa Februari, alianza kuhesabu. Aliweka makopo matano dirishani mwa kibanda. Kila lori la nafaka lilipopita alidondosha harage jeupe, basi likipita harage jekundu, motokaa punje ya hindi, mkokoteni na gari la ng'ombe dengu, na kopo la tano lilikuwa la harage jeusi. Jioni alihesabu na kuandika. Siku moja Wamuyu alikosa mboga, akaona maharage meupe yamejaa mkebe, akayapika. Kahiga alikula sahani mbili kabla ya kuuliza. Walicheka, naye akasema amekula malori ya wiki nzima na bado barabara haijapungua. Alianza upya Jumatatu.

Baada ya wiki sita alikuwa na jibu. Karani mmoja wa ghala, Bwana Owino, alimsaidia kuandika barua kwa mashine. Ninayo nakala yake. Anaeleza kwamba malori ya nafaka yote yanakuja kati ya saa mbili na saa tano asubuhi kwa sababu kila shamba linataka kuwa la kwanza, na kwamba saa nane ghalani huwa hakuna lori hata moja. Anaomba malori yangoje katika uwanja wa nyasi kabla ya reli, yaitwe manne manne. Anaomba ukaguzi wa pasi usogezwe hadi ng'ambo ya soko, ili foleni yake isifike relini. Anaomba mabasi yapewe uwanja wao wenyewe, na wenye baiskeli na mikokoteni wachongewe njia ya pembeni. Hakuna mahali anapolaumu mtu.

Aliipeleka barua katika ofisi moja mjini, ambayo sitaitaja. Aliniambia alisimama nje ya mlango hadi jasho likalowesha bahasha. Bwana aliyekuwamo aliisoma nusu.

"Barabara itapanuliwa," akasema. "Imeandikwa kwenye mpango."

"Ndiyo, bwana. Lakini hata ikipanuliwa, geti ni lile lile. Yatakuja mengi zaidi kwa mara moja."

"Wewe kazi yako nini?"

"Kufungua geti, bwana."

"Na kufunga?"

"Na kufunga."

"Basi kwenda. Fungua. Funga."

Siku nne baadaye askari wawili walifika kwenye kibanda. Mtu alikuwa amesema kwamba Mkikuyu wa getini anahesabu magari. Walimwaga makopo mezani, wakamuuliza kila rangi ni nini. Walipofika kwenye lile la tano, kaka yangu, ambaye hakujua kusema uongo hata wa kujiokoa, alijibu, "Hizo nyeusi ni lori za jeshi, za kutoka Gilgil."

"Unamhesabia nani?"

"Namhesabia bwana wa barabara."

"Kwa nini unataka kujua lori za jeshi ni ngapi?"

"Kwa sababu nazo zinasimama juu ya reli."

Walimchukua. Alikaa siku tano. Wamuyu alizunguka mji mzima na watoto akiuliza, na kila alipouliza aliambiwa asiulize. Owino ndiye aliyekwenda kwa mkubwa wake na nakala ya barua, akaeleza kwamba yeye ndiye aliyeipiga chapa. Kahiga aliachiliwa. Alirudi amekonda, na sikio la kushoto halikusikia vizuri tena. Hakusimulia. Alitupa makopo yote chooni, akarudi getini, na kwa miaka miwili na nusu hakumwandikia mtu yeyote neno lolote.

Lakini hakuacha kuhesabu. Wamuyu anasema alimsikia akihesabu kwa midomo akila. Aliogopa geti, aliogopa askari, aliogopa kengele ikilia na aliogopa ikikawia kulia. Kila asubuhi kabla ya kutoka alikuwa akishika kitasa cha mlango na kusimama kidogo, kisha akaenda. Hakukosa kazi hata siku moja.

Sasa nieleze Jumamosi ya tarehe 16 Novemba mwaka huu, kwa maana wengi wenu mmesikia vipande vipande. Ilikuwa siku ya soko, na ilikuwa msimu wa mahindi. Kufika saa nne asubuhi foleni ya kizuizi ilikuwa imeshavuka reli na kupita kibanda. Basi la kutoka Gilgil, likiendeshwa na Bwana Masinde, lilivuta mbele kidogo kidogo hadi likasimama magurudumu ya mbele upande huu wa reli na ya nyuma upande ule. Mbele yake kulikuwa na lori la magunia. Nyuma yake gari la ng'ombe kumi na wawili, na nyuma ya ng'ombe malori tena, yamebanana.

Kengele ikalia.

Kahiga alikimbilia dirisha la dereva. "Masinde, toa gari!"

"Nitoe niende wapi, mzee? Mbele lori, nyuma ng'ombe!"

"Basi washushe watu!"

Masinde akageuka akapaza sauti watu washuke. Hakuna aliyeinuka. Kahiga akapanda ngazi, akawaona wote wamekaa, wengine na kuku mapajani, wameshika pasi zao mkononi. Mama mmoja akamwambia kwa sauti ndogo, "Tumeambiwa anayeshuka kabla ya kukaguliwa atakamatwa. Wiki iliyopita walimkamata mtu."

"Mama, treni inakuja."

"Tumeambiwa tusishuke."

Kaka yangu aliniambia kwamba hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote za maisha yake, kuliko ile siku ya darajani na kuliko siku zile tano, kwa sababu aliwaelewa. Naye angekaa. Alimpigia kelele Masinde aendelee kuwasihi, akamwambia taniboi, yule msaidizi wa dereva wa lori la mbele, akimbie kizuizini akawaambie askari. Kisha akachukua bendera nyekundu, akaanza kukimbia juu ya mataruma kuelekea upande wa Gilgil.

Treni ya mizigo inapotoka upande huo inateremka, na kuna kona yenye miti inayoficha njia. Mtu akisimama getini na bendera, dereva anamwona akiwa ameshachelewa kusimama. Kahiga alikuwa amepima jambo hilo kwa hatua zake miaka mingi. Alijua lazima apite kona. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, amevaa akala za mpira wa gari. Katikati ya mwendo akala ya kulia ilikatika, akaiacha. Taruma moja kuukuu lilikuwa limetupwa kando ya reli, lina msumari umesimama, akaukanyaga ukaingia hadi karibu kutokeza juu. Akauvuta mguu, akaendelea. Alipita kona, akaiona treni, akasimama katikati ya reli akipunga bendera kwa mikono miwili, akipiga mayowe ambayo hakuna aliyeweza kuyasikia.

Alisema alifumba macho. Alisema hawezi kudanganya, aliyafumba.

Dereva alifunga breki. Kahiga aliruka kando dakika ya mwisho, na injini ikampita ikitoa cheche, ikaingia kona. Aliketi pale pale kwenye kokoto akingoja kusikia mshindo. Hakusikia kitu, na kwa sababu ya lile sikio hakujua kama kweli ni kimya au ni yeye. Ikabidi arudi kwa miguu, akichechemea kando ya mabehewa yote, bila kujua atakuta nini. Alikuta injini imesimama hatua hamsini kutoka basi. Dereva wa treni, Kalasinga wa makamo, alikuwa ameshuka na kuketi chini. Watu arobaini na watatu walikuwa bado ndani ya basi, na pasi zao mikononi.

Jumapili nilimkuta nyumbani akiosha kidonda kwa maji ya chumvi. Nilimwambia aende hospitali.

"Geti nitamwachia nani?" akaniuliza. "Mahindi bado yanakuja."

"Kaka, mguu umevimba."

"Utapungua."

Sikusisitiza. Naliweka neno hilo hapa mbele yenu, kwa sababu nimelibeba siku zote hizi na siwezi kulibeba peke yangu.

Alhamisi tarehe 21 Novemba walikuja watu wa barabara. Hawakumwuliza lolote. Walipigilia vigingi katika uwanja wa nyasi, wakaweka mtu wa kuyaita malori manne manne, na kizuizi cha pasi kikahamishiwa ng'ambo ya soko. Mabasi hayakupewa uwanja. Bado yanapakia barabarani, na wenye baiskeli bado wanajipenyeza. Lakini kwa siku tatu kaka yetu alifungua geti akaona njia nyeupe mbele yake. Wamuyu alimwuliza kama sasa amepumzika. Alijibu, "Bado naogopa. Nimezoea."

Jumatatu asubuhi, tarehe 25 Novemba, alishindwa kufungua mdomo kunywa uji. Alidhani ni jino. Jioni shingo ilikuwa imekauka, na Owino akatafuta gari la kumpeleka hospitali. Daktari alisema ni pepopunda, kutoka kwenye ule msumari. Alilazwa katika chumba chenye giza, tukakatazwa hata kuongea, kwa maana kila kelele ilimfanya mwili ujikunje kama upinde, na akili yake ilikuwa timamu wakati wote. Chumba hicho kilikuwa karibu na barabara. Kila gari lilipopiga honi, tulimwona akijikunja. Nilijifunza kuiogopa honi kama alivyoiogopa yeye, nikisikia gari kwa mbali na kumwomba Mungu dereva asiiguse. Wamuyu alitoka akasimama barabarani, leso kichwani, akiwasihi madereva kwa viganja vilivyounganishwa. Wengine walidhani ana wazimu. Siku ya Jumatano Masinde alipata habari, akawaambia wenzake wa mabasi, nao wakaambiana. Alhamisi mabasi mengi yalipita pale polepole bila sauti. Si yote. Mji ni mkubwa sasa, na wengi wanaopita hawamjui mtu hapa.

Alifariki Ijumaa tarehe 29 Novemba 1957, saa tano asubuhi, Wamuyu akimshika mkono. Dakika zile hapakuwa na gari lililopita. Hatukuliomba hilo, ilitokea tu.

Marehemu ameacha mama yake, Wanjugu. Mjane wake, Wamuyu. Wana wawili, Thuo na Ndung'u. Binti mmoja, Wanjugu. Na mimi dada yake. Ameacha pia rafiki yake Bwana Owino, aliyemsimamia wakati ambao wengine tulinyamaza.

Kuna jina moja zaidi. Jumapili iliyopita mama mmoja wa Keringet alifika nyumbani kwa miguu kutoka stendi, na kibuyu cha maziwa na mtoto mgongoni. Anaitwa Jerop. Ni yule aliyemwambia Kahiga kwamba wamekatazwa kushuka. Alikuwa amekuja kumshukuru, akakuta watu wamekaa msibani. Alilia, kisha akasema, "Mimi hata jina lake sikuuliza. Nilimwangalia akikimbia, nikafikiri anatukimbia." Akakaa na Wamuyu hadi jioni. Alipoinuka aliniuliza kama ni vibaya yeye na mtoto wake kuandikwa katika karatasi hii, pamoja na wale walioachwa.

Familia imekubali. Marehemu ameacha pia Jerop, na mwanawe Kiptanui, mwenye miezi saba.

Mwenyezi Mungu amlaze Zakaria Kahiga mahali penye utulivu, na amwondolee hofu yote. Amina.